Kidonge cha Jioni na Miwani ya Siku Tano

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya kumi na tatu leo. Anayejua ni Mama tu, na Mama amejua kwa sababu tunaishi nyumba moja na nilikuwa natapika mbele yake. Ni mama wa mume wangu, lakini neno mkwe nililiacha zamani. Nimemlisha kiapo asimwambie mwanawe. Ameapa mara tatu. Tatizo ni moja – Mama hana kifua. Siri kwake haikai hadi chai ipoe.

Kliniki nilikuwa wa nne kwenye benchi. Mkunga ni yuleyule wa mwaka juzi. Bado anatembea na kalamu mbili mfukoni, ya buluu kwa majibu mazuri, nyekundu kwa mabaya. Presha 118 kwa 74. Buluu! Nilitaka kuamka niondoke kabla hajabadili mawazo.

Akanipa aspirini. Siyo ile ya maumivu ya kichwa, hii ni ndogo, miligramu sabini na tano. Kimoja kila jioni baada ya chakula, hadi wiki ya thelathini na sita. Nikamwambia presha yangu si nzuri, mwenyewe umeandika kwa buluu? Akasema ndiyo maana anaanza sasa. Hakitibu presha iliyopanda. Kinasaidia kondo la nyuma lipate damu vizuri, ili yale ya mwaka juzi yasirudi. Kinapunguza hatari, hakiiondoi, kwa hiyo nisikipe kazi isiyo yake. Kichwa kikiuma sana, juu ya tumbo pakiuma, uso ukivimba, macho yakiona vibaya – nije siku hiyohiyo, nisingoje tarehe.

Alipofika kwenye macho aliniangalia. Faili langu amelisoma lote.

Kidonge cha kwanza nimemeza saa moja na nusu. Hakina ladha ya maana. Uchungu kidogo.


Alhamisi, 7 Machi

Mrefu wangu amepiga. Alhamisi ndiyo siku yake, lori la kambi linaposhuka mjini kuchukua vyakula na yeye anapata mtandao. Huko milimani wanasimamisha nguzo kubwa za umeme na simu haishiki kitu. Dakika ishirini kwa wiki! Mtu nimeolewa, lakini mume ninaye dakika ishirini.

Ameuliza bomba la jikoni. Ameuliza mguu wa Mama. Ameniuliza mimi, nikasema mzima. Akasema sauti yako imechoka. Nikasema vumbi la lenzi ninazosaga.

Sikumwambia. Mwaka juzi tulimwambia kila mtu. Alichonga kitanda cha mtoto kwa mbao za kazini, akakipiga msasa hadi mikono ikapasuka. Halafu alikifungua mwenyewe, ubao mmoja mmoja, mimi nikiwa bado hospitali. Sijui mbao alizipeleka wapi. Hatujawahi kukitaja tena. Miezi sita baadaye akapata kazi ya nguzo, akaondoka, na mkataba unaisha mwisho wa Agosti. Desemba alikuja likizo wiki mbili. Wiki mbili hizo ndizo ninazobeba.

Yule wa kwanza aliishia wiki ya ishirini na saba. Nikiingia ya ishirini na nane nitamwambia. Jumatatu, 17 Juni. Nimeizungushia duara kwenye kalenda, Mama akauliza kuna nini siku hiyo, nikasema bili ya maji.


Jumanne, 19 Machi

Leo nimefungua droo ya chini pale dukani nikitafuta skrubu. Nikaikuta. Pochi ya kahawia, miwani ndani, lenzi zangu mwenyewe.

Sijawahi kuandika jambo hili. Niandike.

Mimi ni fundi miwani. Mwaka wa tisa huu nasaga lenzi, napachika kwenye fremu, nakunja mikono ya miwani hadi ikae sikioni. Vya mbali naona hata sisimizi. Vya karibu ndivyo vinavyonishinda, navaa miwani ya kusomea. Basi mwaka juzi, wiki ya ishirini na saba, vya mbali vikaanza ukungu. Mtu mwingine angekwenda hospitali. Fundi miwani akakaa kwenye kiti cha wateja, akavaa fremu ya kujaribia, akabadilisha lenzi moja baada ya nyingine mpaka akapata iliyomsaidia kidogo. Akaisaga. Akajitengenezea miwani nzuri sana, fremu nyembamba, akajiona mjanja.

Kichwa kikaanza kuuma. Wateja wakilalamikia kichwa kwa miwani mpya huwa tunawaambia: vumilia wiki moja, macho yatazoea. Nilijiambia hivyohivyo. Kwa sauti, mbele ya kioo cha duka! Vumilia, macho yatazoea. Siku tano nilivumilia. Ya sita Bosi alinikuta chini ya mashine ya kusagia, natetemeka mwili mzima. Kifafa cha mimba.

Alikuwa msichana. Hakulia. Nilimshika kidogo, alikuwa na uzito wa mkate. Angekuwa anakimbia sasa, anaangusha fremu za watu.

Nimerudisha pochi kwenye droo. Kidonge nimemeza.


Jumamosi, 6 Aprili

Ujinga mpya. Tangu nianze dawa, kila asubuhi nasimama kwenye alama ya sakafuni, nasoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini kabisa. Sawa! Natulia. Leo Bosi ameniuliza, unausomaje na taa yake haijawashwa?

Ubao nimeukariri. Miaka tisa! Ningeweza kuusoma nimefumba macho. Mwezi mzima nimekuwa nikijipima kwa kitu ninachokijua kwa moyo.

Bosi amecheka hadi akakaa. Halafu akaacha kucheka, maana yeye ndiye aliyenibeba siku ile. Akanionyesha ng'ambo ya barabara. Duka la vifaa vya ujenzi, kila asubuhi wanaandika kwa chaki bidhaa zilizoingia. Akasema soma ule, ule hujui kesho utasema nini. Leo ulisema: MISUMARI, SARUJI, BAWABA, RANGI NYEUPE. Nimeona mpaka nukta.


Alhamisi, 18 Aprili

Amecheza! Nilikuwa nimeinamia mashine. Kitu kimenigusa kwa ndani, chini ya kitovu, kama mtu anayebisha hodi na kidole kimoja. Nikazima mashine. Mteja akauliza kuna tatizo? Nikasema hapana baba, naisikiliza.

Saa kumi Mrefu akapiga na nilikuwa na neno hilo mdomoni. Lilikuwa limefika kwenye meno. Amesema leo amepanda nguzo ya mita arobaini, kutoka juu anaona barabara yote inayokuja nyumbani, hadi inapopotea. Amesema huwa anaiangalia kabla ya kushuka. Akasema hallo? Nikampa Mama simu, maana ningelia.

Mama naye! "Mkeo siku hizi anakula, mwanangu, anakula kwa wa–" Akajiziba mdomo na ncha ya kanga. "Kwa wakati! Anakula kwa wakati."

Mrefu akasema vizuri, asisahau matunda.

Tumecheka hadi Mama akashika ukuta. Kisha kila mmoja akaenda chumbani kwake. Namtamani. Natamani ainame mlangoni na bado ajigonge kichwa, alaani mlango kama kila siku. Natamani mkono wake juu ya tumbo hili wakati linabisha.


Jumatano, 8 Mei

Naandika vibaya.

Baada ya chakula nimechukua kidonge kutoka kwenye kichupa changu juu ya friji. Jioni huwa nimeshavua miwani, nachukua kwa kupapasa. Nikakitia mdomoni, nikageuka kutafuta maji – jagi tupu. Kikakaa kwenye ulimi.

Kitamu.

Kitamu sana, ule utamu wa uongo unaobaki kooni. Nikakitema mkononi, nikavaa miwani, nikakitazama chini ya taa. Kidogo kuliko changu. Bila mstari katikati. Nikamwaga kichupa chote mezani. Vyote hivyohivyo.

Ni vidonge vya Mama vya kutia utamu kwenye chai. Ana sukari, anatembea navyo kwenye mkoba.

Fundi miwani! Nimechezewa machoni, ndani ya nyumba yangu, na mama niliyemwachia hata funguo za kabati.

Yeye yuko chumbani kwake, mlango wazi kidogo. Anajua nimejua. Kijiko chake kimeacha kulia kwenye kikombe.


Alhamisi, 9 Mei

Nilimfokea. Sijawahi. Nilimwambia mama mkwe – neno hilo, ambalo halijatoka mdomoni kwangu miaka saba – mama mkwe, unataka yale yanikute tena?

Akakaa kitandani. Amesema ni siku sita tu, tangu Ijumaa. Jirani wa juu alimwambia aspirini inafanya damu kuwa maji, inatoa mimba, kuna mtu wake yalimkuta. Akakaa na maneno hayo wiki nzima. Akaogopa kuniambia kwa kuwa ningembishia, na mimi nikibisha huwa nashinda. Basi akavitoa vyangu, akaweka vyake ili nisikose cha kumeza.

"Zile nguo nilifua mimi," akasema. Za mwaka juzi, zenye damu. Alizifua mwenyewe kwenye beseni, maji yakabadilishwa mara nne, hakumwachia mtu. "Nikaona hiki kidonge nacho kinataka kunifulisha tena."

Hasira yote ikaniishia. Ningetamani ibaki kidogo, ilikuwa inanishikilia.

Akafungua mkoba. Vidonge vyangu sita vimefungwa kwenye leso, na vilivyobaki kwenye karatasi. Hakutupa hata kimoja. Alivihifadhi kama mali ya mtu.

Mrefu alipopiga tulimjibu kwa neno mojamoja. Akauliza, mmegombana? Tukasema kwa pamoja: hapana. Akacheka huko aliko.


Ijumaa, 10 Mei

Kliniki, pamoja na Mama. Alivaa gauni lake la kwenda ofisini kwa watu.

Alimweleza mkunga mwenyewe, nilitaka kusema nikazuiwa. Mkunga akamsikiliza hadi mwisho. Akamwambia, shikamoo mama, kwanza. Halafu akamweleza polepole: kipimo kikubwa ni jambo moja, hiki kidogo kwa mtu kama mimi ni jambo jingine, na ndiyo maana mtu hajinunulii dukani bali anapewa na anayempima. Kwa siku sita zilizopotea nisijaribu kulipiza kwa kumeza viwili. Kimoja, kama zamani.

Mama akauliza, nimemdhuru? Mkunga akasema hawezi kumwambia ndiyo wala hapana. Presha 122 kwa 78. Buluu.

Njiani Mama ameniambia kuanzia leo kidonge kiko chini yake. Jioni amekileta kwenye kisahani, na glasi ya maji, akasimama mbele yangu mpaka nimeze. Akaniambia fungua mdomo. Nikafungua. Inua ulimi. Nikauinua! Askari wa zamu hafiki hapo.


Jumapili, 26 Mei

Mvua toka asubuhi. Mama amelala. Nimetoa shati la Mrefu kabatini, lile la kijani, nikalivaa. Harufu yake imeshaisha, nimeimaliza mimi mwenyewe kwa kunusa. Vifungo havifungi tumboni.

Nimefikiria kile kitanda. Kama alikichoma, kama alikigawa. Natamani nimuulize na naogopa jibu. Natamani hata tugombane juu yake. Mtu akiwa mbali hamuwezi hata kunyamaza pamoja.

Na msichana wangu. Watu wanadhani huyu wa tumboni atanisahaulisha. Hapana. Kadiri huyu anavyocheza ndivyo yule anavyonikosesha raha. Nawataka wote wawili, na baba yao, chumba kimoja, mvua hii.

Kisahani kimefika. Mdomo wazi, ulimi juu.


Jumatatu, 10 Juni

Wiki ya ishirini na saba. Siku saba za kuvuka.

Ubao: MCHANGA, NYAYA, KUFULI, SUFURIA. Sufuria kwenye duka la ujenzi! Bosi amesema labda ni za kuchanganyia rangi. Nimeziona zote, wazi.

Mama ameacha kuuliza kuhusu bili ya maji. Leo nimemkuta mbele ya kalenda, kidole juu ya duara. Hakusema kitu. Mama kutosema kitu ni habari.


Jumatano, 12 Juni

Pete imegoma kutoka. Labda joto.

Kidonge nimemeza. Nimemwomba Mama akae nami kidogo, akakaa, akanikanda miguu.


Alhamisi, 13 Juni

Saa tisa na nusu. Naandika nikiwa kliniki, nimelala ubavu wa kushoto, daftari kwenye mto.

Asubuhi nilisimama mlangoni pa duka. Mstari wa kwanza: MABATI. Wa pili, ukungu. Nikasema wamefuta vibaya hawa. Nikafumba macho, nikafumbua. Ukungu bado, na vinyota viwili pembeni vinacheza. Nikamwita Bosi nisomee. Akasoma hata bila kukaza macho: mabati, kitasa, bomba la nusu inchi, turubai. Mwandiko safi kabisa, akasema. Halafu akanigeukia na uso ukamshuka.

Mkono wangu ulishafika kwenye sanduku la lenzi. Wenyewe! Kidole kimeshagusa ile ya pili kutoka mwisho, ileile. Nikaurudisha. Droo ya chini sikuifungua. Nikasema Bosi, naenda, na yeye alikuwa tayari ameshika funguo za gari.

Mama tulimpitia nyumbani. Amekuja na kanga ya ndani na mkoba.

Vipimo vimekula saa nyingi. Mkojo, damu, foleni, daktari mmoja kwa watu wote. Kabla sijaanza kuandika mkunga alinipima presha, hakuniambia namba. Alitazama ile mashine, akatoa kalamu zote mbili, akazishika. Hakuandika. Amesema nitulie robo saa, nisiongee, apime tena, na daktari yuko chumba cha pili, tayari anajua. Kuandika hakukukataza.

Mama akamuuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ni zile siku sita?

Mkunga akasema, hakuna anayejua, mama, hata mimi. Ninachojua ni kwamba mwaka juzi aliletwa siku ya sita, amebebwa. Leo ni siku ya kwanza, na amekuja kwa miguu yake.

Mtoto anabisha. Anabisha sana. Bisha tu, baba, au mama, bisha.

Zimebaki siku nne kwenye ile kalenda. Nne! Nilimnyima baba yako wiki kumi na nne za kukungoja nikidhani namwepushia. Sasa natamani angekuwa amezipata zote. Hata kwa kuogopa. Tungeogopa wawili.

Saa kumi kasoro. Mkunga amerudi, amenifunga mkanda mkononi, wa kushoto. Naandika kwa wa kulia. Unaanza kubana.

Simu inaita.

Iko kwenye mapaja ya Mama. Jina la Mrefu linawaka, hata kwa ukungu huu nalijua. Mama ananitazama. Mkunga amenyanyua kidole: usiongee. Nimemwonyesha Mama kwa kichwa, pokea. Mwambie. Kwa macho nimemwambia: yote.

Amepokea. Amefungua mdomo. Tangu nimjue, hii ndiyo mara ya kwanza namwona Mama ana ruhusa ya kusema na hana neno.

Amenyoosha mkono, ameiweka simu sikioni kwangu. Nasikia upepo wa huko, na lori. Nasikia anavyopumua.

"Hallo? Mama? Mbona kimya?"

Mkanda umebana mpaka mwisho. Mkunga anaangalia namba. Kalamu moja amerudisha mfukoni, sijaona ipi. "Ni wewe?" anasema Mrefu. "Niambie basi."

Naweka kalamu chini, nimwambie.